Baruti ya HP-38 kwa risasi za bastola: uzoefu wangu

Kwa sisi tunaoishi Marekani na kujijazia risasi wenyewe nyumbani, duka la baruti linachanganya. Makopo yamepangwa rafu nzima, na kila muuzaji ana yake anayoisifia. Mimi hujaza risasi za bastola za saizi mbili, 9mm Luger na .38 Special, kwa ajili ya shabaha tu, na baada ya kuzunguka kwenye aina kadhaa za baruti nimetulia kwenye HP-38 ya kampuni ya Hodgdon.

Nilianza na Titegroup, baruti nyingine ya Hodgdon, kwa sababu ya uchumi wake. Pauni moja ya baruti ni greni 7,000; ukitumia greni 4 kwa risasi, unapata risasi 1,750. Ni kweli kila risasi inahitaji Titegroup kidogo tu, na hata ikilala upande mmoja wa ganda la risasi inawaka vilevile. Lakini huo udogo ndio unaonitia wasiwasi. Kwenye ganda la 9mm kipimo kimoja hakifiki hata nusu, kwa hiyo vipimo viwili vinaweza kuingia na bado ukakandamiza kichwa cha risasi juu yake bila kushtuka. Risasi ya namna hiyo inaweza kupasua bastola mkononi. Pia inawaka kwa joto kali; nikitumia vichwa vya risasi vya madini ya risasi tupu, moshi unakuwa mwingi.

Baruti ya Unique ya kampuni ya Alliant ni kongwe, ipo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na inajaza ganda vizuri zaidi. Shida yake ni vipande vyake bapa: havishuki sawasawa kwenye kipimio cha mashine, yaani chombo kinachomimina baruti kwenye ganda, hivyo kila mara narudi kwenye mizani. Anayepima risasi mojamoja kwa mkono ataipenda kuliko mimi.

HP-38 ina chembe ndogo zinazoteleza kama mchanga mkavu. Kipimio kikishatulia, mizani inanipa jibu lilelile tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Kwenye 9mm, ukimimina mara mbili baruti inakaribia mdomo wa ganda, unaiona kwa macho. Mlio ni wa wastani na masizi si mengi.

Kwenye .38 Special tahadhari haiishi. Ganda hilo lilizaliwa 1898, enzi za baruti nyeusi iliyohitaji nafasi kubwa, kwa hiyo hata vipimo viwili vya HP-38 vinamezwa humo ndani. Hapo nawasha taa juu ya trei ya maganda na kuchungulia kila ganda kabla ya kuweka kichwa. Wengine huona ni kupoteza muda. Mimi siwezi kuacha.

Kama unataka kujaza .357 Magnum, risasi yenye nguvu kuliko .38 Special, kwa nguvu kamili, HP-38 siyo. Huko watu hutumia H110, baruti nyingine ya Hodgdon, ambayo nayo ina masharti yake: Hodgdon wanaonya usiipunguze ovyo chini ya kipimo cha kitabu. Kwa baruti yoyote, anzia kipimo cha chini cha kitabu cha mtengenezaji, kwa uzito na aina ileile ya kichwa ulichonacho, na usimwige mtu aliyekutajia namba kwa mdomo.

Ukikuta HP-38 imeisha dukani, angalia kopo la Winchester 231. Ni baruti ileile, Hodgdon ndio wanaouza zote mbili. Zikiwepo zote mbili, chukua iliyo nafuu siku hiyo.