Mashine ya aiskrimu ya nyumbani na zabibu za Dodoma: uzoefu wangu

Nianze na jibu kabisa, maana najua wengi mtashuka chini kulitafuta. Kama unataka kugandisha zabibu tupu, bila maziwa, hela ya mashine hii iache mfukoni. Trei pana ya bati na uma wa mezani vinafanya kazi nzuri zaidi. Kama unataka aiskrimu ya zabibu na mtindi, hapo mashine inastahili bei yake. Mimi naipa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za mtindi.

Ninayoizungumzia ni ile mashine ndogo ya mezani yenye bakuli la kugandisha. Bakuli lina kuta mbili, na katikati ya kuta kuna kimiminika kilichofungiwa humo kiwandani. Unalilaza kwenye friza mpaka kimiminika kigande, unalitoa, unalipachika kwenye kitako, unafunika na kuwasha. Bakuli linazunguka, mwiko wa plastiki unasimama palepale ukikwangua kuta. Kompresa haina, yaani ubaridi hauzalishi hata kidogo, unatumika ule uliotoka kwenye friza yako. Aliyeniuzia aliniapia kwamba "inagandisha yenyewe", na nimesikia wauzaji wengine wakisema hivyohivyo, kwa hiyo ukiambiwa maneno hayo uliza swali moja tu: kompresa iko wapi? Jina la kampuni silitaji kwa sababu Kariakoo utaikuta mashine ileile na nembo tofauti tofauti. Bei haikufika laki mbili.

Naishi Dodoma, na hilo limebeba nusu ya tathmini hii. Huku mzabibu haulali kwa baridi kama Ulaya, hivyo mkulima ndiye anayeamua lini uzae kwa kuupogoa, na mavuno huja mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Msimu ukifika zabibu ziko kila kona, kwenye ndoo, kwenye beseni, kwenye toroli. Wa Dar nao siku hizi hawana kisingizio, tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 boksi la zabibu linashuka stesheni likiwa bado na vumbi la shambani.

Ila zabibu nyingi za huku ni za mvinyo. Makutupora nyekundu, Chenin Blanc, Syrah. Punje ni ndogo, ganda gumu kidogo, mbegu zimo, na utamu ni mkali kuliko zile kubwa zisizo na mbegu za kwenye supamaketi, ambazo mara nyingi zimetoka Afrika Kusini au Misri. Maelekezo karibu yote ya mtandaoni yameandikwa kwa zile zisizo na mbegu. Ukiyafuata kama yalivyo na zabibu ya Mpunguzi au Hombolo utakula kitu chenye ukakasi ulimi mzima. Na onja kabla ya kulipa: zabibu ikishachumwa haiongezi utamu, haiivi ndani ya ndoo kama embe au ndizi. Ikiwa chachu sokoni itakuwa chachu nyumbani, na ikigandishwa ndiyo kabisa, kwa sababu ulimi uliopoa hauonji sukari vizuri.

Njia nyepesi kuliko zote haina mashine wala trei ya maana. Osha zabibu, zikaushe kwa kitambaa punje kwa punje (zikiwa na maji zitashikana bonge), zitandaze bila kupandana, ziache kwenye friza usiku, asubuhi zimimine kwenye chombo chenye mfuniko. Haziwi jiwe. Sukari iliyomo ndani inazuia sehemu ya maji kuganda, kwa hiyo ukiuma unakutana na kitu laini chenye punje za barafu. Kwa hii nanunua zile kubwa zisizo na mbegu, sioni raha ya kutema mbegu zilizoganda. Wenye watoto wa chini ya miaka mitano, tafadhali: punje nzima ya zabibu inaziba koo la mtoto barabara, na ikiwa imeganda ni hatari zaidi. Zikate mara nne kwa urefu kabla hazijaingia friza, halafu ukimpa mtoto subiri zilainike. Na mbwa wa nyumbani asipewe kabisa, zabibu inaua figo zake.

Kwa mapishi mengine yote unahitaji juisi ya zabibu iliyokamuliwa, au mchuzi, kama wanavyouita wakamuaji wa huku. Blenda iweke pembeni. Ukisaga zabibu yenye mbegu, uchungu wote wa mbegu unaingia kwenye juisi na hakuna sukari ya kuuficha. Mimi naweka zabibu zilizochambuliwa kwenye sufuria na maji kidogo sana, moto mdogo, naziponda kwa mwiko mpaka maganda yapasuke na rangi ianze kutoka. Hapo zisichemke, zipate joto tu. Kisha nachuja kwa kitambaa kisafi na kuyakamua machicha taratibu. Makutupora nyekundu inatoa rangi ya zambarau iliyoiva ambayo hakuna rangi ya dukani inayoifikia. Mchuzi ukilala kwenye friji usiku mmoja au miwili utaona chenga kama mchanga chini ya jagi. Si uchafu. Ni chumvi ya asili ya zabibu, ileile inayoganda kwenye mapipa ya mvinyo. Mimina juu, acha chenga chini, maana zikiingia kwenye aiskrimu meno yatazitambua.

Sasa mashine. Mchuzi mtupu, ndimu, sukari. Baada ya nusu saa hivi ya kuzunguka nilipata kitu kizito cha kumiminika, na hapohapo bakuli lilikuwa limeshaishiwa ubaridi. Kuzungusha zaidi kulikiyeyusha. Wifi yangu alichota kijiko, akakiangalia. "Wifi, hii aiskrimu au uji?" Alikula wote, lakini swali lilikuwa la haki. Nimeijaribu kwa kubadilisha kila kinachobadilika, na matokeo bora niliyopata ni laini, tamu, ya kuliwa papo hapo kabla jua la Dodoma halijaitamani. Ukitaka ishike umbo inabidi uihamishie kwenye friza kwa saa kadhaa, na ikitoka huko ni ngumu, lazima uikwangue. Kama mwisho wa yote ni kukwangua, mashine ilikuwa ya nini?

Tatizo ni sukari, na linastahili maelezo kwa sababu ndilo linaloharibu mapishi ya watu wengi. Sukari ikiwa kidogo unapata pande la barafu. Ikizidi, haigandi kamwe. Zabibu inakuja na sukari yake, glukosi na fruktosi, na hizi uzito kwa uzito huzuia kuganda karibu mara mbili ya sukari ya mezani. Kwa hiyo kipimo ulichozoea cha juisi ya ukwaju au ubuyu hapa hakifai. Kuna njia ya zamani ya kupima bila kifaa: chukua yai bichi lenye ganda lake, lioshe vizuri kwa sabuni, lizamishe kwenye mchuzi uliopoa. Likizama chini, sukari haitoshi. Likielea na kutoa kipara cha ukubwa wa sarafu juu ya uso, umefika. Kipara kikiwa kikubwa, ongeza maji. Zabibu za Agosti nilizonunua zilikuwa tamu kiasi kwamba niliongeza vijiko vichache tu vya sukari kwa lita. Ndimu usiiache, hata kama mchuzi unaonekana mchachu wa kutosha, ukiganda utashukuru.

Jambo la pili ni friza. Bakuli linataka nyuzi 18 chini ya sifuri, usiku kucha na zaidi. Friji ya mlango mmoja yenye kichumba kidogo cha barafu juu haifiki hapo, hata uikazeje. Na umeme ukikatika usiku kwa muda wa saa tatu, bakuli linarudi nyuma na wewe unarudi kesho. LUKU haijanishtua, mota yenyewe inakula kidogo sana. Kinachokula ni friza, na friza ilikuwepo.

Trei na uma havina masharti hayo. Mimina mchuzi uleule kwenye trei pana ya bati, kina cha vidole viwili, weka kwenye friza. Baada ya kama saa moja kingo zinaanza kuganda. Zikwangue kwa uma kuelekea katikati. Rudia kila nusu saa mpaka trei nzima iwe chenga kavu za zambarau. Wasisilia huita granita, na huko huliwa hata asubuhi na mkate. Chenga kubwa hapa ndizo zinazotakiwa, kila moja inapasuka mdomoni na kutoa zabibu, wakati mashine inahangaika kuzifanya ndogo bila kuwa na ubaridi wa kutosha. Sukari ikikosewa kidogo, uma unasamehe. Umeme ukikatika na mchuzi ukilegea, ukirudi unagandisha tena na kukwangua tena. Wageni wakija mimi natoa hii, kwenye glasi zilizolala friza, na kijani cha nanaa juu kama ipo.

Nisiionee mashine. Kwenye mtindi iliniziba mdomo. Chukua mtindi mzito, uning'inize kwenye kitambaa maji yake yachuruzike, kisha changanya na mchuzi wa zabibu uliouchemsha safari hii mpaka umebaki nusu na ukapoa kabisa. Kupoa si hiari: mchuzi wa moto una asidi, ukiugusisha na maziwa unapata mabonge. Mchanganyiko ukalale friji mpaka uwe baridi sana, ndipo uingie kwenye bakuli, na bakuli lisijae kupita theluthi mbili kwa sababu linavimba kwa hewa. Hapo ule mwiko wa plastiki unaonyesha kazi yake, mafuta ya maziwa yanashika hewa, barafu inabaki chembe ndogo usizozisikia, na dakika ishirini na kitu baadaye una kitu laini cha rangi ya waridi iliyokolea ambacho trei na uma haviwezi kukitoa hata ukikwangua mpaka alfajiri. Siku mbili tatu kinabaki kizuri, baada ya hapo kinakuwa kigumu. Kitoe mapema kabla ya kula.

Nilinunua pia vikalibu vya silikoni vya lambalamba, nikaviweka kwenye oda ileile. Vizuri, vinatoka bila kuvunja, watoto wanavipenda. Kasoro ya lambalamba ya juisi mnaijua: mtoto anafyonza utamu wote na kubaki na kijiti cha barafu nyeupe. Usimimine mchuzi ukiwa maji. Ugandishe kwanza kwenye trei, ukwangue mara mbili tatu mpaka uwe mzito, ndipo ujaze kalibu. Utamu hauna tena pa kukimbilia.

Kwa watu wazima, mvinyo mwekundu wa hapahapa Dodoma unaingia kwenye granita vizuri, vijiko vichache kwa lita. Pombe inazuia kuganda kuliko sukari, ukimwaga glasi nzima utakunywa badala ya kula.

Malalamiko madogo: inapiga kelele, mazungumzo jikoni yanasimama. Mfuniko wa plastiki ni mwembamba. Bakuli halioshwi kwa maji ya moto wala halisuguliwi kwa steelwaya, na likipasuka na kuvuja kile kimiminika ndio mwisho wake, spea sijaiona popote. Wa biashara wasiiguse. Bakuli moja linalisha watu watano au sita, halafu linataka kulala tena friza mpaka kesho. Mteja wa pili utamwambia nini?

Ukiamua kununua, ukiwa dukani litikise bakuli likiwa na joto la kawaida: usikie kimiminika kikicheza ndani. Nyumbani, likiwa tayari kwa kazi, ukilitikisa lisitoe sauti yoyote. Angalia voti nyuma ya mota, maana kuna zinazoletwa kutoka Marekani za voti 120 na kwetu ni 230, ukichomeka hivihivi inaungua. Na kabla hujatoka nyumbani, pima upana na kimo cha nafasi iliyopo kwenye friza yako, bakuli hili ni pana kuliko linavyoonekana kwenye picha. Jirani yangu alilazimika kuhamisha samaki wote.