Samsung Galaxy S23 chini ya jua la Zanzibar: uzoefu wangu wa kuipigia picha

Kazi yangu ni ya kamera kubwa: harusi, hoteli, picha za kuchapishwa. Hata hivyo mchana, kwenye vichochoro na ufukweni, ninachokitoa kwanza siku hizi ni simu, na simu yenyewe ni Galaxy S23 iliyotoka mwaka 2023. Nawaandikia wanaopiga picha Unguja na Pemba. Maelezo mengi ya kamera za simu yameandikwa na watu wa nchi za jua la upole, na jua letu linataka mkono mwingine.

Nyuma ina lenzi tatu. Kubwa ni ya megapikseli 50 yenye tundu la kuingizia mwanga la f/1.8, pana ni ya megapikseli 12 na f/2.2, na ya kuvuta mara tatu ni ya megapikseli 10 na f/2.4. Kwa aliyezoea kamera kubwa, hesabu takribani milimita 24, 13 na 70. Uzito wake ni gramu 168 na kioo ni inchi 6.1, kwa hiyo inashikika kwa mkono mmoja. Ukiwa ndani ya ngalawa, mkono wa pili umeshika kamba, utaona faida yake. Lenzi kubwa kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12. Mimi naiacha hapo hapo. Megapikseli 50 zinafaa pale tu simu inapokuwa juu ya miguu mitatu na mwanga ni mwingi, mfano nakshi za mlango unaotaka kuzichapa kubwa. Kwenye mwanga hafifu zinaongeza chembechembe na uzito wa faili, basi.

Sasa mwanga, maana hapo ndipo picha nyingi za huku zinapoharibika. Simu yoyote hupima mwanga kwa kutafuta wastani. Mbele ya ukuta wa chokaa, mchanga mweupe wa Paje au kanzu nyeupe, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Mchanga unatoka wa kijivu na uso unatoka mweusi usio na umbo. Mbele ya buibui jeusi lililojaa fremu inafanya kinyume: inaongeza, buibui linageuka kijivu na paji la uso linawaka. Dawa ni kuifunga mwenyewe. Gusa uso kwenye kioo, shikilia kidole mpaka alama ya kufuli itokee, kisha sogeza kitelezi cha mwanga. Mtu aliyesimama kwenye mchanga, pandisha kidogo, kama +0.3 hadi +0.7. Buibui jeusi, shusha hadi karibu −0.7. Kanzu ina mtego wake: ukigusa uso, nguo inaungua na mikunjo inapotea. Gusa uso, kisha shusha polepole mpaka mikunjo ya kanzu irudi kuonekana, na hapo simama. Kivuli cha usoni utakiinua baadaye kwenye uhariri. Nyeupe iliyokwisha kuungua hairudi.

Ngozi zetu zinataka ulinzi mwingine. Zima kabisa vichujio vya urembo kwenye kamera ya mbele na kwenye picha za mtu mmoja mmoja, maana vinalainisha ngozi na kuing'arisha mpaka mtu asijifanane. Nenda pia kwenye mipangilio ushushe uboreshaji wa picha hadi kiwango cha chini. Ukiuacha juu, anga linakuwa la buluu ya kupakwa rangi, na urojo kwenye bakuli unawaka njano kuliko ulivyo.

Zanzibar iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na jua linachomoza na kuzama karibu wima. Ndiyo maana mwanga wa dhahabu wa huku ni mfupi, na baada ya magharibi una dakika 20 hivi tu kabla ya giza. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Macho ya watu yanakuwa mashimo meusi na pua inatupa kivuli mdomoni. Picha za nje za watu nazipanga kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu jioni. Majengo ya mbele ya Forodhani yanatazama baharini, yanapata jua la alasiri. Paje na Jambiani ni za mapambazuko, Kendwa ni ya machweo. Anayekwenda Jambiani kungojea jua lizame baharini, litamzamia mgongoni.

Lakini adhuhuri usiirudishe simu mfukoni ukiwa Mji Mkongwe. Vichochoro ni vyembamba na kuta ni ndefu: jua linapiga sehemu ya juu ya ukuta mmoja, linaruka kwenye ukuta wa pili, na linafika chini likiwa laini. Msogeze mtu hatua mbili ndani ya kivuli, uso wake ukitazama upande ule ukuta uliopigwa na jua ulipo. Hakikisha hakuna kipande cha anga wala ukuta unaowaka nyuma yake. Huo ndio mwanga wa uso ninaoupenda kuliko wote hapa visiwani, na lenzi ya mara tatu inaupokea vizuri kwa sababu bado ni mwingi.

Milango ya kuchonga inawashinda wengi kwa sababu moja tu: kichochoro hakikupi nafasi ya kurudi nyuma, mtu anakimbilia lenzi pana, anainamisha simu kutazama juu, na mlango unatoka umechongoka kama piramidi. Washa mistari ya gridi, simamisha simu wima sawasawa na mlango, iweke kwenye kimo cha katikati ya mlango hata kama ni kuinyanyua juu ya kichwa. Mlango ukiwa bado hauenei, usiulazimishe. Piga nusu yake, au nenda kwenye nguzo ya kati, misumari ya shaba, maandishi ya kizingiti cha juu. Nakshi zinahitaji mwanga wa ubavuni ili kila mkato uwe na kivuli chake. Mlango uliopigwa na jua la mbele unaonekana bapa hata ukiwa na kazi ya fundi hodari.

Pwani ya mashariki, kabla ya kuangalia saa angalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hukupwa sana asubuhi ikikaribia saa nne au saa tano, na hapo ndipo kina mama wanaposhuka kwenye mwani. Maana yake picha ya mwani mara nyingi ni picha ya jua kali, hakuna ujanja wa kuihamishia alfajiri siku hiyo. Ninachofanya ni kuchuchumaa, kumweka mtu kati yangu na jua kidogo pembeni, na kuyaacha maji ya chini yamrudishie mwanga usoni. Mng'aro wa juu ya maji ukiwa unaficha kamba na mwani, weka mbele ya lenzi kioo cha miwani ya jua ya polaroidi, uzungushe polepole mpaka mng'aro upungue. Inafanya kazi zaidi jua likiwa ubavuni mwako. Kwenye lenzi pana usiitumie, anga litatoka na doa la giza upande mmoja.

Na kabla ya yote, piga hodi. Wale wako kazini, wamevaa nguo za kazi, wamekunja kanga. Salimia, ngoja ujibiwe, sema picha ni ya nini, na ukiambiwa hapana ondoka kwa heshima. Mtoto, muulize mzazi wake. Maeneo ya jeshi na ya ulinzi, simu ibaki mfukoni. Picha za kuibia kwa kuvuta kutoka mbali zinaonekana tu kwamba zimeibiwa: migongo, nyuso zilizokunjamana, watu wasio na habari nawe.

Makachu wa Forodhani, vijana wanaoruka baharini jioni, ni mtihani mzuri wa simu. Kamera ya simu huchukua fremu kadhaa na kuziunganisha kuwa picha moja, kwa hiyo mwili ulio hewani ukisogea baina ya fremu unaweza kutoka na kisigino cha pili au mkono uliofifia. Simama ubavuni, weka jua nyuma yao, gusa anga karibu na jua (si jua lenyewe) na ufunge mwanga hapo. Mwanga ukiwa mkali hivyo, simu inalazimika kutumia kasi kubwa ya shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga), na mwili unatoka mweusi wenye mstari safi. Kisha buruta kitufe cha kupigia kuelekea chini upige mfululizo. Kwenye mipangilio hakikisha kuburuta huko kumewekwa kwenye mfululizo. Anza kabla miguu haijaacha ukuta. Unapotaka kasi maalumu, ingia kwenye Pro, sehemu ya kamera unapojipangia kila kitu mwenyewe: 1/1000 ya sekunde kwa ngalawa inayokata maji, 1/500 kwa ngoma, 1/250 kwa mtu anayetembea. Kima punju wa Jozani kivulini wanatosheka na 1/250 na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ya 400 hadi 800. Wanakaribia wenyewe, lenzi ya mara tatu inatosha. Usiwasogelee na usitumie fleshi.

Usiku wa Forodhani, moshi wa mishikaki na taa za manjano, Pro tena: ISO 400 hadi 800, shata 1/50, rangi ya mwanga (hupimwa kwa kelvini) 3200 hadi 3500. Ukiiachia simu ichague, inaweza kuusafisha umanjano wote na jiko likaonekana kama limewekwa ofisini. Namba 1/50 ina sababu yake: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya 1/50 au 1/100 inaepusha mistari ya giza inayokatiza picha. Kwenye video fanya vivyo hivyo. Kwa giza, baki kwenye lenzi kubwa. Simu nyingi, mwanga ukipungua, huacha lenzi ya kuvuta na kukata tu kipande cha picha ya lenzi kubwa bila kukuambia. Utaijua kwa kufunika lenzi moja kwa kidole na kutazama kioo.

Pemba inaipenda simu hii wakati wa karafuu. Majamvi yametandazwa kando ya njia, karafuu zinabadilika kutoka kijani na wekundu kwenda hudhurungi, na mpangilio huo wa rangi unataka upigwe kutoka juu, simu ikiwa sambamba na ardhi. Tumia gridi kuiweka fremu sawasawa. Funga rangi ya mwanga kwenye kelvini 5200 hadi 5500, la sivyo picha mbili za jamvi moja zitatoka na rangi mbili. Msitu wa Ngezi ni giza chini na vipande vya anga vinawaka juu: inamisha fremu, liache anga nje. Popo wa Pemba kule Kidike wanaoning'inia juu mitini, hapo simu imefika mwisho wake. Ukivuta mara kumi unapata manyoya yaliyopakwa brashi. Chukua kamera yenye lenzi ndefu.

Chumvi. Upepo wa kaskazi na wa kusi huacha utando mwembamba kwenye lenzi, usiouona, na kila taa ya usiku inatoka na mkia. Puliza mchanga kwanza, maana ukifuta juu ya mchanga unakwaruza. Kisha kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo ya chumvi, na kikavu baada yake. Kanga kuukuu iliyofuliwa sana inafaa. Mpya ina uwanga, inaacha ukungu. Kinga ya IP68 ya simu hii ni ya maji matamu, mita 1.5 kwa dakika 30, bahari haimo. Ikirukiwa na maji ya chumvi, isuuze na usiichaji mpaka tundu likauke kabisa. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, lenzi itapata umande. Ipe dakika kumi nje, usifutefute. Na usiiache juani juu ya mchanga: ikipata joto inapunguza mwanga wa kioo na hatimaye kamera inajifunga.

Betri ni ya mAh 3900, ndogo kwa siku nzima ya kioo kinachong'aa juani, kwa hiyo chaja ya mkononi ni lazima ukienda kisiwa cha Misali. Haina nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Chagua ya GB 256 ikiwa utapiga RAW (faili ghafi, kubwa, za kuhariri), na ubebe flashi ya USB-C uhamishie picha kila jioni. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000, inachapika kwa ubora kamili hadi kama sentimita 34 kwa 25, kubwa kuliko karatasi ya A4. Mteja akitaka kuchapa, usimtumie WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa. Mtumie kama faili, na mwambie akaifikishe dukani kwa flashi, isipite tena kwenye simu nyingine.

Kwa harusi ya usiku ukumbini siitumii kama kamera kuu, naipa kazi ya hina, vyakula na mapambo mchana.