Tua ya Kennedy na mafia hapa Dallas: nimeenda na mjomba, natoa nyota 3

Haya wadau, ile tua ya vani niliyowaahidi nimeshaenda, Jumamosi iliyopita, na nimeenda na mjomba. Jina la kampuni silitaji, dereva wao alimshika mjomba mkono kila aliposhuka na sitaki kumharibia mtu ugali wake, ila ziko kadhaa mjini na hii ni ile ambayo kuanzia bango la ubavuni mpaka fulana wanazouza wimbo ni mmoja tu, mafia ndio waliomuua John Kennedy, yule rais wa Marekani aliyepigwa risasi hapa Dallas Novemba 1963. Dola 70 kwa kichwa, masaa matatu, maji chupa moja, na kiyoyozi kinachopuliza mbele tu, mliokaa nyuma shauri yenu.

Mjomba katoka Tanga, kastaafu ukarani wa mahakama, miaka thelathini na ushee anapanga majalada na kupokea vielelezo, kwahiyo ni mtu ambaye ukimletea habari anakuuliza nani kasema, kasema lini, na karatasi iko wapi. Na kwa watu wa rika lake Kennedy sio mzungu wa kwenye televisheni tu. Nyerere alikuwa mgeni wake White House Julai 1963, miezi minne tu kabla jamaa hajapigwa risasi, na majirani zetu Kenya wana wazee kibao waliokwenda kusoma Marekani kwa zile ndege za Tom Mboya ambazo mwaka 1960 mfuko wa akina Kennedy ulizitolea dola laki moja. Nilipomwambia Dallas ni dakika 40 kutoka kwangu akajibu, "Nipeleke nikalione hilo dirisha."

Dirisha lenyewe, lile linalosemekana risasi zilitokea, liko makumbusho, ghorofa ya sita ya lile jengo lililokuwa ghala la vitabu vya shule (ya sita kwa hesabu ya Wamarekani, kwetu ni ya tano), na hiyo haimo kwenye tua, unajilipia. Muanzie huko, nawaambia. Ile kona wameizungushia kioo, maboksi yamepangwa kama yalivyokutwa, huingii ndani unachungulia tu, na watu wote mle wanaongea kama wako msibani. Ukitoka nje ndio unashangaa Dealey Plaza, pale Kennedy alipopigiwa risasi, palivyo padogo, sijui kwanini kwenye picha panaonekana kama uwanja wa mpira. Barabara ya Elm inateremka kwenda kupita chini ya reli, kwenye lami kuna alama za X pale risasi zilipompata, na watalii wanavizia taa iwake nyekundu wanakimbia kupiga selfi juu ya X halafu wanakimbia tena magari yasiwasombe. Mjomba hakukimbia. Alisimama pembeni mikono nyuma, akatazama dirisha, akatazama X, akatazama tena dirisha. "Mbona karibu hivi?" Kwa ile risasi ya kichwa ni kama mita 80 tu, na gari lilikuwa linajikokota.

Sasa mwongozaji wetu akashika maiki. Jamaa wa miaka hamsini na kitu, kavaa kofia ya wahuni wa Chicago wa zamani, sauti nzito ya redio, na kusema ukweli kusimulia anajua. Alipofika kwa Carlos Marcello hata mtoto aliyekuwa analilia juisi alinyamaza. Marcello ndiye alikuwa bosi wa mafia New Orleans, na hili mimi sikulijua kabisa, kazaliwa Tunis, Afrika hapa hapa kwetu, wazazi Wasicilia, uraia wa Marekani hakuwahi kuupata, kwahiyo alikuwa anatembelea cheti feki cha kuzaliwa cha Guatemala. Bobby Kennedy, mdogo wake rais, akiwa mwanasheria mkuu akaona sawa, kama wewe ni wa Guatemala nenda kwenu. Aprili 1961 jamaa kaenda zake kuripoti uhamiaji kama kawaida, wakamtia pingu, wakampakia ndegeni, wakaenda kumtupa Guatemala bila hata begi. Akarudi kimya kimya, kesi ya kile cheti ikaendelea, na hukumu yake ikatoka lini? Tarehe 22 Novemba 1963, mchana ule ule Kennedy anauawa Dallas, Marcello yuko mahakamani New Orleans na anaachiwa huru. Vani nzima ikaguna.

Mjomba akanisogelea sikioni. "Nia anayo. Endelea."

Ikafuata ile ya kokoto. Inadaiwa mwaka 1962 Marcello aliongea kwa Kisicilia mambo ya kutoa kokoto kwenye kiatu, halafu akatoa mfano wa mbwa, kwamba ukimkata mkia ataendelea kung'ata lakini ukimkata kichwa na mkia unatulia, yaani Bobby ndio mkia na kaka mtu ndio kichwa. Mwongozaji aliigiza hii kwa sauti na mikono, ilikuwa sinema. Mjomba akataka nimtafsirie vizuri, nikamtafsiria, akauliza alisikia nani, nikamwambia mtu mmoja, akauliza alitoa taarifa lini, nikamwambia habari ilikuja kujulikana miaka kadhaa baadaye. Akaitikia kwa kichwa taratibu, na mimi namjua mjomba, kuitikia kule sio kukubali.

Hapa niseme kitu kimoja kwa haki. Kuna sehemu ya tua hii ambayo haina chumvi hata kidogo na ndiyo iliyonitisha kuliko zote. Kwamba CIA waliwakodi mabosi wa mafia wamuue Fidel Castro, hilo lilishatoka hadharani kwenye uchunguzi wa Seneti mwaka 1975, kuna Johnny Roselli, kuna Sam Giancana wa Chicago, kuna Santo Trafficante wa Florida ambaye Castro alikuwa kamfungia kasino zake Havana, na mpango ulikuwa hadi wa vidonge vya sumu. Giancana akatakiwa kwenda kuhojiwa. Juni 1975 akapigwa risasi nyumbani kwake, jikoni kule chini, soseji ziko kwenye kikaango. Roselli yeye alikwenda akaongea, na Agosti 1976 akakutwa ndani ya pipa la mafuta likielea majini karibu na Miami. Mpaka leo hakuna aliyefungwa kwa kifo cha yeyote kati yao. Mwongozaji anavihesabu vifo hivi kama ushahidi wa Dallas, eti wamezibwa midomo. Mimi nikawa najiuliza, wamezibwa midomo kwa lipi? Mbona siri ya Castro peke yake inatosha kumtia mtu kwenye pipa? Watu waliokuwa na jambo la kuficha walikuwepo, tena wengi, tatizo walikuwa na mambo mengi ya kuficha na sio lazima jambo lenyewe liwe hili.

Kituo kilichonipa thamani ya hela yangu ni makao makuu ya zamani ya polisi, pale Main na Harwood, siku hizi ni chuo cha sheria. Vani ikasimama karibu na ule mteremko wa magari kuingia chini. Huko ndiko Jack Ruby alikompiga Lee Harvey Oswald, yule aliyekamatwa kwa kudaiwa kumpiga Kennedy kutoka kwenye lile dirisha, risasi moja ya tumbo, Jumapili 24 Novemba, saa 5:21 asubuhi, mbele ya polisi kibao na kamera za televisheni, nchi nzima inaangalia mubashara. Ruby alikuwa na klabu ya wacheza uchi mitaa ya karibu tu, Carousel, kakulia Chicago, polisi wa Dallas alikuwa anajuana nao kwa majina. Kwa mwongozaji hapo kesi imekwisha, mafia walimtuma Ruby amnyamazishe Oswald. Na mimi ukiniuliza, kama kuna kitu kinachofanya watu wasilale na hii habari ni Ruby, asingekuwepo yeye nadhani stori ya mafia isingefika popote.

Lakini kuna risiti, na mwongozaji hakuitaja. Mimi niliiona kwenye kusoma kwangu kabla hatujaenda, nikamwonyesha mjomba kwenye simu. Saa 5:17, dakika nne kabla, Ruby alikuwa Western Union kama kota moja kutoka pale, anamtumia mchezaji wake mmoja dola 25 za dharura, na karatasi imegongwa muhuri wa saa. Mbwa wake kamwacha kwenye gari. Na Oswald alitangazwa kuhamishwa saa 4, akacheleweshwa kwa maswali ya nyongeza, halafu dakika ya mwisho akataka abadilishe sweta. Mjomba aliposikia habari ya muhuri macho yakamng'aa kama ya kwetu tukiona pilau. Akanyoosha mkono juu kabisa kama yuko darasani, nikawa mkalimani, akauliza: mtu aliyetumwa na genge kuua, na saa ya kuua ilitangazwa ni 4, saa 5 na robo anapanga foleni kutuma hela?

Mwongozaji akacheka, akasema risiti ni geresha, mafia wako makini. Mjomba akaniambia nimuulize, kama risiti ikiwepo ni geresha na isingekuwepo ingekuwa uthibitisho, sasa kipi kitamwonyesha kwamba amekosea? Hilo sikutafsiri lote jamani. Watu wamelipa hela zao.

Ila hata mjomba sikumwachia afunge jalada kirahisi. Usiku wa Ijumaa Ruby alikuwa ndani ya jengo lile lile la polisi, kwenye mkutano wa waandishi ambao Oswald alionyeshwa, na akasahihisha jina la chama cha Cuba lililotajwa vibaya. Miezi kabla ya tukio simu zake za mbali zilipanda sana, nyingine kwa watu wa karibu na mafia, yeye anasema ni ugomvi wa chama cha wasanii kuhusu wachezaji wake, na inawezekana ni kweli. Mume wa dada yake mama wa Oswald kule New Orleans alikuwa kwenye biashara ya kamari iliyogusana na watu wa Marcello. Kila kamba ukiivuta unaona inaenda mahali, halafu karibu na mwisho inakatika.

Kilichonifanya nikate nyota nzima ni hiki. Alisema kwenye maiki, mara mbili, kwamba mwaka 1979 Bunge la Marekani lilithibitisha mafia walimuua Kennedy. Sio kweli. Kamati ile ya Baraza la Wawakilishi ilisema Kennedy pengine aliuawa kwa njama, ikasema mafia kama genge zima la nchi haikuhusika kwa ushahidi uliopo, ila haikuweza kuondoa uwezekano kwamba mtu mmoja mmoja ndani yake alihusika, na ikawaangalia kwa jicho kali zaidi Marcello na Trafficante. Halafu kile kilichoibeba "pengine" yao, mkanda wa redio za polisi uliodaiwa una mlio wa risasi ya nne, wanasayansi wakauchambua tena, 1982 wakasema milio ile haikuwa risasi za mauaji yale. Hii yote ingemchukua dakika mbili kueleza na ingenoga kuliko uongo wake. Unanilipisha dola 70 halafu unanikata utamu!

Mjomba alinyamaza kidogo pale kwenye mteremko, kisha akamtaja Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi 1969, na yule Njenga aliyenyongwa kwa mauaji hayo ambaye inasemekana aliuliza mbona hawamfuati yule mkubwa. "Huyo mkubwa mpaka leo kila mtu ana wake," akasema, akapanda vani.

Mitaa ya Oak Cliff tuliipitia kama tunakimbizwa. Nyumba aliyopanga Oswald chumba, pale alipouawa askari polisi Tippit mchana ule ule wa Kennedy, halafu Texas Theatre alikokamatiwa, ambayo bado inaonyesha sinema, dakika tano tano tu na hatukushuka popote. Hospitali ya Parkland alikofia Kennedy tuliionea dirishani.

Jioni nikampeleka mjomba mwenyewe, nje ya tua, kwenye ule mgahawa wa Kitaliano wa zamani wa Mockingbird Lane, Campisi's, ambao enzi hizo uliitwa Egyptian. Ruby alikula hapo usiku wa kuamkia mauaji ya Kennedy, na mwenye mgahawa wa wakati ule, Joe Campisi, alikwenda kumwona jela wiki moja baada ya kumuua Oswald. Mwongozaji aliutaja kwa kunong'ona kama pango la majambazi. Tulichokuta ni familia na watoto wao, taa hafifu, meza zinazobanana, pizza nyembamba ya duara lililovutwa kama yai, tamu kweli. Mjomba aliomba pilipili mara tatu. Bili ilipokuja akavaa miwani akaisoma mpaka chini, akatafuta saa, akaikuta, akaikunja akaitia kwenye pochi.

Kwahiyo: nyota moja ya usimulizi, moja ya dereva, moja ya kile kituo cha mteremko wa polisi. Mbili nimezibakiza, ya kiyoyozi na ya 1979. Nendeni asubuhi, paking ya karibu na makumbusho inajaa mapema, maji bebeni yenu. Na pale kwenye kilima cha nyasi cha Dealey Plaza kuna jamaa wanauza vigazeti vya nani kamuua Kennedy, wengine wanasema CIA, wengine Castro, wengine mafia. Mjomba alinunua vitatu kutoka kwa wauzaji watatu, amevipanga kwenye bahasha kwa herufi, na hajaniruhusu kuvigusa.