Programu za maneno ya kwanza ya mtoto: ipi upakue, ipi uiache

Mwanangu alipokuwa na mwaka mmoja na miezi minane nilimwekea kwenye simu programu ya picha na majina. Sauti ikitaja "ng'ombe", anagusa ng'ombe. Ikitaja "kiatu", anagusa kiatu, makofi yanalia na nyota zinamwagika kioo kizima. Nilifurahi mno. Wiki kadhaa zilipita ndipo nikatambua kwamba hajatamka hata jina moja kati ya yale aliyokuwa akiyagusa. Alikuwa amejifunza kugusa. Kusema ni kazi nyingine, na programu ile haikuwahi kumwomba aseme chochote.

Tangu hapo nimejaribu programu nyingi, za bure na za kulipia. Sizipimi tena kwa wingi wa picha wala uzuri wa rangi. Nauliza jambo moja tu: hii inatufanya mimi na mtoto tuzungumze, au inatunyamazisha? Nimezipanga hapa kwa kipimo hicho, kuanzia ninayoiamini zaidi.

Kwanza umri

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka miwili asiketishwe mbele ya skrini. Kuanzia miaka miwili hadi minne, isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Kwa hiyo umri niliomwanzishia mwanangu ulikuwa mdogo mno, na leo nisingerudia. Kama wako hajafika miaka miwili, programu utakayoipakua ni ya kukusaidia wewe: ikupe hadithi ya kumsomea, wimbo wa kumwimbia, picha ya kumwonyesha akiwa mapajani mwako.

Sababu yake imeshachunguzwa. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa Marekani wa miezi tisa ambao nyumbani kwao walisikia Kiingereza tu. Waliochezewa na kusomewa vitabu kwa Kichina na mtu aliyeketi nao walijifunza kutofautisha sauti za lugha ile. Waliomtazama kwenye video hawakuambulia kitu. Utafiti mwingine, wa mwaka 2014, ulionyesha kwamba watoto wa miaka miwili hadi miwili na nusu wanaweza kujifunza vitenzi vipya kwa simu ya video, pale ambapo mtu wa upande wa pili anawajibu papo hapo. Video iliyorekodiwa haikuwafundisha. Basi kisa si kioo chenyewe. Mtoto anahitaji mtu anayemsubiri amalize kutoa sauti yake, kisha amjibu. Ndiyo maana simu ya video na bibi au shangazi aliye mbali, ambayo hakuna anayeiita programu ya elimu, ningeiweka juu ya orodha yote hii kama ingekuwa inauzwa.

1. Programu unayoijaza mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wazazi wengi hawajui kwamba zipo. Ni programu tupu zinazokuachia upige picha zako, urekodi sauti yako, kisha zikutengenezee kadi au kitabu. Kwenye iPad ipo Bitsboard, inayokuruhusu kutengeneza kadi za picha na kuzitia sauti yako. African Storybook Maker inakusaidia kutunga kitabu kizima kwa picha zako na maneno yako. Hata albamu ya picha iliyomo ndani ya simu yako inatosha ukiketi na mtoto na kuzitaja picha moja moja kwa mdomo wako.

Faida yake huioni mpaka ujaribu. Kikombe kilicho kwenye programu ya kununua ni kikombe cha mtu mwingine. Kikombe chake yeye, chenye ufa kwenye mkono, anakijua, anakipenda, na ana sababu ya kukiita. Piga picha kumi tu za kuanzia: kikombe chake, viatu vyake, mlango, kitanda, baba, dada, paka kama mnaye. Rekodi neno moja polepole, kisha acha kimya cha sekunde tano hivi kabla ya picha inayofuata. Kimya hicho ndicho nafasi yake ya kusema.

Wala usijaze majina ya vitu peke yake. Programu karibu zote za sokoni zimejaa wanyama na magari, ilhali mtoto anayeanza kusema anahitaji zaidi maneno ya kumpatia mahitaji yake: nipe, fungua, twende, tena, bado, imekwisha, hapana. Mpige picha akinyoosha mkono, uandike "nipe". Piga picha ya bakuli tupu, urekodi "imekwisha". Kwangu neno "tena" ndilo lililofungua mlango. Baada yake maneno mengine yalikuja kwa mafungu.

Ubaya ni mmoja: inakula muda wako. Jioni moja inatosha kuanza.

2. Vitabu vya picha kwa lugha ya nyumbani

African Storybook na StoryWeaver ya shirika la Pratham Books ni maktaba za bure zenye hadithi za watoto katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na leseni zake zinaruhusu kunakili na hata kutafsiri. Vitabu vimepangwa kwa ngazi. Kwa mtoto wa maneno ya kwanza, chukua ngazi ya chini kabisa, yenye neno moja au sentensi fupi kwa ukurasa.

Vingi havina sauti, na mimi naona hiyo ni heri, maana msomaji unabaki kuwa wewe. Kidole kwenye picha, swali, subiri, jibu. Akisema "ba" kwa "baba", mwambie "ndiyo, baba! Baba amekaa", ili asikie neno likiwa zima na likiwa ndani ya sentensi. Pitia kitabu mwenyewe kabla ya kumsomea, kwa kuwa waandishi na wafasiri ni wengi na ubora unatofautiana. Kioo cha simu nacho ni kidogo kwa picha zenye mambo mengi. Ukiwa na kishikwambi, tumia hicho.

Watu huniuliza kama kumwanzishia mtoto lugha ya nyumbani kutamchelewesha Kiingereza. Hakumcheleweshi. Kukua na lugha mbili hakuleti tatizo la usemi. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha anayoisikia kwa upendo kila siku ana pa kuyatundika maneno ya lugha ya pili.

3. Khan Academy Kids

Kati ya programu kubwa zinazojulikana, hii ndiyo ningemwachia mtoto wa miaka miwili na nusu nikiwa nimeketi kando yake. Ni bure kabisa, haina matangazo, haina ada inayokuja baadaye. Dubu aitwaye Kodi ndiye mwenyeji, na ndani kuna vitabu, nyimbo na michezo midogo. Sauti ni ya Kiingereza, kwa hiyo ihesabu kama chombo cha lugha ya pili. Ina njia inayompeleka mtoto yenyewe kutoka zoezi hadi zoezi. Njia hiyo usiitumie mwanzoni. Nenda maktaba, chagua kitabu kimoja, kisome naye, funga.

4. Speech Blubs

Wazo lake ni zuri: mtoto anaona video ya mtoto mwenzake akitoa sauti au akitamka neno, naye anaalikwa kumwiga, huku maikrofoni ikimsikiliza. Angalau hapa mdomo unafanya kazi. Watoto hupenda sana kuwaiga watoto wenzao, na mzazi anayeketi karibu akaiga naye atapata vicheko na sauti nyingi.

Nimeishusha hadi nafasi ya nne kwa sababu mbili. Ni ya kulipia kwa kipindi, kwa hiyo pesa inatoka hata mwezi ambao hamkuifungua. Pia maikrofoni ya simu haiwezi kukuambia kama mtoto amechelewa kusema au kwa nini. Wazazi wenye wasiwasi ndio huinunua mapema kuliko wote, na wao ndio wanaostahili kuonana na mtaalamu kwanza. Kabla ya kulipa, tazama orodha ya lugha zake.

5. Endless Alphabet

Imetengenezwa kwa ustadi. Herufi zinalia sauti yake unapoziburuta mahali pake, kisha majitu madogo ya rangi yanaigiza maana ya neno. Lakini maneno yenyewe ni makubwa ya Kiingereza, kama "gargantuan". Mtoto wa miaka minne anayependa maneno ataifurahia. Wa miaka miwili ataburuta tu.

6. Programu za kusoma

Duolingo ABC ni ya bure na inafundisha kusoma Kiingereza. Feed the Monster inapatikana kwa lugha nyingi, pamoja na Kiswahili, na inafundisha sauti za herufi na silabi. Kitkit School na onebillion, walioshinda kwa pamoja tuzo ya Global Learning XPRIZE mwaka 2019 kwa programu zilizojaribiwa kwa Kiswahili, walilenga watoto wa umri wa shule. Zote zinafundisha kusoma, na kusoma huja baada ya kusema. Zihifadhi kwa ajili ya miaka ijayo.

7. Kadi za bure zenye matangazo

Hizi ndizo zinazojitokeza kwanza ukitafuta "maneno ya watoto", na ndizo ninazokuomba uziache. Utazitambua haraka. Fungua ukurasa wa herufi: ukikuta B imewekewa picha ya mpira, ujue mtu alichukua kadi za Kiingereza akabadilisha maandishi, bila kujali kwamba "mpira" hauanzi na B. Sikiliza sauti: Kiswahili kwa kawaida huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti ya mashine iliyofundishwa vibaya huutupa popote, mtoto akasikia neno ambalo hakuna mtu nyumbani anayelitamka hivyo. Kisha hesabu matangazo. Mtoto hatofautishi tangazo na mchezo, atagusa tu, na ghafla yuko dukani au kwenye video asiyopaswa kuiona. Ile niliyompa mwanangu ilikuwa ya kundi hili.

Kabla hujalipa

Ifungue peke yako kwa dakika kumi usiku. Gusa ovyo kama mtoto uone inakupeleka wapi. Zima intaneti ujaribu tena, maana nzuri nyingi hufanya kazi bila mtandao na matangazo hukosa pa kutokea. Angalia kama kuna kimya baada ya neno, au kama makofi yanamfunika mtoto kabla hajafungua mdomo. Ikiwa sauti za zawadi haziwezi kuzimwa kwenye mipangilio, mimi naifuta.

Jaribio la bure la siku saba karibu kila mara hugeuka kuwa malipo usipolikatisha. Kufuta programu kwenye simu hakukatishi ada: lazima uingie kwenye akaunti yako ya Google Play au App Store, sehemu ya usajili, ukatishe humo. Fanya hivyo siku ileile unapoanza jaribio. Mara nyingi utaendelea kuitumia mpaka siku zilizobaki ziishe.

Simu za Android na iPhone zote zina mpangilio wa kuifungia simu ibaki kwenye programu moja mpaka uweke namba ya siri. Uwashe.

Na kama mtoto amefikisha miezi 18 hana neno hata moja, au miaka miwili hajaunganisha maneno mawili kama "baba njoo", au alikuwa na maneno yakapotea, usinunue chochote kwenye orodha hii kwanza. Mpeleke kwa daktari, na uombe masikio yake yapimwe kabla ya mengine yote, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuitikia taa na nyota za simu siku nzima bila wewe kujua.