Kitako cha magazini kilichonivua nguo mbele ya watu

Springi ya magazini (kile kikasha cha risasi kinachopachikwa kwenye mpini wa bastola) ikifyatuka haina kelele kubwa. Inatoa "chwii" tu, kama mtu anayesonya, halafu unasikia risasi zinabingirika kwenye zege kama karanga zilizomwagika. Sauti hiyo niliisikia Jumamosi moja ya mwezi uliopita, au labda ule wa kabla yake, nje kidogo ya Houston, nikiwa katikati ya zamu yangu ya mashindano ya shabaha. Saa inahesabu, watu kumi na kitu wamesimama nyuma yangu wanatazama. Na kitako changu kipya cha alumini, chekundu, cha dola thelathini na ushee, kimelala peke yake karibu na kiatu cha msimamizi.

Kwa asiyejua: kitako ni kile kibamba cha chini ya magazini kinachozuia springi na risasi zisitoke. Hiyo ndiyo kazi yake. Hakina nyingine!

Nilivinunua vitatu. Natumia bastola ya Glock 19, na mkono wangu ni wa mtu aliyebeba magunia ya nazi utotoni Tanga. Kitako cha kiwandani ni plastiki nyembamba inayokaa sawasawa na mwisho wa mpini, kwa hiyo nikipachika magazini kwa haraka kiganja hakipati pa kusukuma, na mara mbili tatu kimenibana nyama hadi nikatokwa machozi. Halafu magazini tupu ni jepesi, unabonyeza kitufe linaanguka kwa kusitasita. Hivi vya alumini vinaongeza uzito chini, vinakipa kiganja mahali pa kugonga, na vinaongeza risasi mbili, kutoka 15 hadi 17. Hapa Texas hakuna wa kukuuliza kuhusu hizo mbili. Mpwa wangu yuko New Jersey, kule mwisho ni 10, nimeshamwambia asinisikilize. Na ndugu wa nyumbani mnaoniandikia niwatumie: vipuri vya silaha si vitenge vya kuweka kwenye begi. Msiniponze.

Kukitoa cha zamani nako ni kazi. Chini pana tundu, na ndani ya tundu kinachungulia kinundu cha plastiki. Unakibonyeza kwa kipande chembamba cha chuma, unaminya mbavu za magazini kwa mkono mwingine, unasukuma kitako kuelekea mbele, huku dole gumba limeikandamiza springi isikurukie usoni. Mikono mitatu ingefaa. Nilivaa miwani ya kinga, bastola yenyewe nimeifungia chumba kingine, risasi zote ziko kwenye boksi lake, na bado mke wangu alisimama mlangoni akiniangalia kama anayefikiria bima. La kwanza lilinichukua karibu nusu saa. La tatu, dakika mbili.

Hiki kipya hakitumii kile kinundu. Kinashikwa na skrubu moja ndogo, ndogo kweli, ukiiangusha kwenye zulia usiitafute. Nikakaza. Nikavuta, hakikutoka. Nikagonga mezani, hakikutoka. Nikafurahi, nakiri. Nilimpigia hata rafiki yangu mmoja wa Mombasa kumwambia nimepata kitu.

Jumamosi ikafika. Nikaanza vizuri, shabaha tatu za mwanzo safi, nikahama huku nabadilisha magazini ambalo bado lina risasi. Likaanguka kwenye zege, chwii, karanga. Sasa sikiliza ubaya wake: magazini linalofuata kiunoni lina kitako kilekile chekundu. Nikaliogopa. Nikalisukuma kwa adabu, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota, nalo kwa sababu sikuligonga halikushika. Nikapiga risasi moja, magazini likachomoka likaanguka miguuni pangu. Lile halikupasuka, lakini mimi nilikuwa nimeshapasuka. Shabaha zilizobaki sikuzigusa, kila risasi iliyokosekana pointi kumi zimekatwa. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Jumatatu nikapiga simu dukani. Akapokea kijana. Nikamweleza kwa utulivu, Kiingereza changu nakijua, nimekitumia nchi hii miaka mingi. Akaniacha nimalize yote, halafu akauliza: "Mzee, una uhakika hiyo bastola unajua kuitumia?" Nikasema sijapiga simu kuhusu bastola, nimepiga kuhusu kitako. Akasema, pole pole, neno moja moja, vile wanavyosema wakisikia lafudhi: "Uliweka... gundi... kwenye... skrubu?"

Gundi gani?

Ile ya kuzuia skrubu isilegee kwa mtikisiko. Imeandikwa kwenye karatasi, anasema. Nikaitoa karatasi kwenye pipa la taka. Kweli imeandikwa, pembeni, kwa herufi za saizi ya sisimizi, chini ya picha ya mtu mwenye misuli. Tone moja, uache usiku mzima. Gundi yenyewe haimo kwenye pakiti. Kifunguo cha skrubu wameweka, stika mbili za kubandika kwenye gari wameweka, gundi hawakuweka!

Basi kosa ni langu? Robo, sawa. Mtu asiyesoma karatasi ameula wa chuya, nakubali. Lakini kitu ambacho kikifunguka kinamwaga risasi chini, unakitegemeza kwa skrubu moja na tone la gundi usiyoitoa? Kiwanda cha Glock kinatumia kipande cha plastiki cha senti chache, na sijawahi kuona kikifunguka, nimeyaangusha magazini yale kwenye zege, kwenye matope, na moja limekanyagwa na lori. Naiondoa hiyo robo. Kosa ni lao lote. Nyota moja, na hiyo moja ni ya rangi.

Magazini mawili nimeyarudishia vitako vya kiwandani jioni ileile. La tatu nililiacha kwa sababu kidole kilikuwa kinauma. Jumamosi nyingine nikalitumia bila kutarajia lolote, nikiligonga kwa hasira zote nilizonazo juu ya yule kijana, na sijui niseme nini, lilishika kama mlango wa benki. Likitoka linadondoka lenyewe, zito, pu! Nimeliangusha mara ishirini hivi makusudi. Halijafunguka. Labda hiyo skrubu niliikaza zaidi. Labda nyota mbili. Mkono wangu unakipenda kile kitako, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Gundi nimenunua. Duka la karibu lenye ile gundi ni lao. Alikuwepo yeye kwenye kaunta, nilimtambua kwa sauti. Akaipitisha kwenye mashine, dola saba, akaniuliza kwa upole kama nahitaji maelezo ya namna ya kuitumia.

Nikamwambia nitasoma karatasi.