Klabu ya bustani ya shule muhula wa vuli, naipa nyota 4 kati ya 5

Wazazi wenzangu mlioko huku Uingereza, najua fomu za klabu za baada ya shule zikija mwezi wa 9 wengi wetu tunakimbilia mpira, kuogelea na kompyuta, ile ya bustani tunaipita tu maana mtu unajiuliza baridi ndo hiyo inaingia, majani yanapukutika, sasa hawa watoto watalima nini? Binti yangu wa darasa la 3 aliing'ang'ania mwenyewe nikamlipia, na sasa muhula umeisha nasema bila kusita kwamba vuli ndo muhula wa kumwingiza mtoto, kuliko hata ule wa kiangazi ambao nafasi zinagombaniwa.

Sababu kubwa ni kalenda ya shule yenyewe. Shule za huku zinafungwa karibu na mwisho wa mwezi wa 7 na kufunguliwa mwanzoni mwa mwezi wa 9, sasa angalia nyanya, mahindi, vitu vingi vile vinavyopandwa mwezi wa 4 na wa 5, vinakuja kuiva mwezi wa 8 geti la shule lina kufuli, hamna wa kumwagilia wala wa kuchuma. Mtoto kahangaika na mche wake tangu ukiwa na majani mawili halafu anarudi anakuta umekauka. Ukipanda vuli hesabu inageuka kabisa. Kitunguu saumu kikiingia ardhini mwezi wa 10 au wa 11 unakuja kukivuna mwezi wa 6 au wa 7 kabla hawajafunga, yale maharage mapana ya kijani yanaanza kuchumwa mwishoni mwa mwezi wa 5, maua ya dafodili na tulipu yanachanua kuanzia mwezi wa 3 mpaka wa 5. Yaani mikono iliyopanda ndo hiyo hiyo itakayovuna, na kwa mtoto hilo ni jambo kubwa sana jamani.

Kuna siku wazazi tulikaribishwa kushiriki, ilikuwa siku ya vitunguu saumu. Kila mtoto kapewa kitunguu kizima akipasue mwenyewe, zile punje kubwa za nje ndo za kupanda, zile nyembamba za katikati zinawekwa pembeni. Halafu kila mmoja ana kijiti kimepigwa alama mbili za kalamu, alama moja ya kupimia kina, kama cm 3 hivi, nyingine ya kupimia nafasi ya cm 15 kutoka punje moja hadi nyingine. Ncha inaangalia juu, upande bapa wenye mizizi unakaa chini. Watoto walikuwa serious kweli kweli, binti yangu akawa anapita nyuma ya mwenzake anamkagua, akikuta punje imelala anaifukua anaisimamisha kisha anamwonyesha ile alama kwenye kijiti, na yule mwenzake naye anarudia bila kununa.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba ticha hakuishia kuwaambia fanyeni hivi, aliwaeleza na kwa nini. Kitunguu saumu kinahitaji wiki kadhaa za baridi kali ndo kigawanyike punje, kikikosa baridi kinaweza kukua kikawa donge moja tu kama kitunguu maji, ndo maana hawasubiri mpaka baridi iishe. Akili yangu ikaenda moja kwa moja kwenye vitunguu saumu vya Mbulu, Tanzania, kule juu kwenye baridi yake, nikamweleza binti yangu njiani tunarudi nyumbani. Kingine walichofundishwa, usipande vile vya supamaketi, vingi vimetoka nchi za joto na vinaweza kuleta magonjwa kwenye udongo, nunua vya mbegu.

Maharage waliyopanda ni aina inaitwa Aquadulce Claudia, hii ndo wakulima wengi wa huku wanaiamini kwa kupanda vuli kwa sababu inahimili baridi, mbegu ni kubwa hata mtoto wa chekechea anaishika vizuri, unaizamisha cm 5 basi. Yamechipua kabla ya Krismasi, yako kama kidole hivi urefu, yatasimama hivyo hivyo baridi yote yakisubiri jua.

Sasa njoo kwenye majani. Sisi tulivyolelewa majani yanafagiwa alfajiri, yanakusanywa pembeni, yanachomwa moto, imeisha hiyo. Huku hii klabu ukigusa majani ya mwaloni watoto wanakuja juu, ni mali! Wanayakwangua na reki, wanajaza toroli, wanayashindilia kwenye mifuko myeusi ya taka, wanayamwagia maji mpaka yalowe, wanatoboa matundu kwa uma wa bustani, wanafunga mdomo na kuirundika nyuma ya stoo. Inakaa mwaka mmoja ukitaka ya kufunikia udongo, miaka miwili ukitaka laini ya kuoteshea mbegu. Haipati joto kama lundo la kawaida la mboji kwa sababu hapa wanaofanya kazi zaidi ni kuvu na kuvu hawana haraka. Siku ile ile tuliyoenda wakafungua mfuko wa zamani uliojazwa na wale wakubwa ambao sasa wako sekondari. Ndani cheusi tiii, kinamomonyoka mkononi, nyungunyungu wamejaa, harufu yake ni kama msitu mvua ikishakatika. Watoto waliingiza mikono yote mpaka kwenye viwiko, na kile kilichotoka wakakitandaza juu ya tuta la vitunguu saumu. Hapo hata kama ungeniambia ada imepanda ningelipa.

Ada yenyewe sio kubwa, pauni 3 na nusu kwa kipindi, klabu ya mpira ya shule hiyo hiyo ni karibu mara mbili, na vifaa vyote wanatoa wao. Msimamizi ni ticha mmoja na bibi mmoja mstaafu anayejitolea, na huyu bibi ndo roho ya klabu, anajua jina la kila mtoto na kila mdudu. Ndo aliyewaonyesha wasiguse lile rundo la matawi kwenye kona kwa sababu kalunguyeye wanatafuta mahali pa kulala msimu wote wa baridi.

Haya, na mapungufu yapo na nayasema kwa sababu nataka yarekebishwe. La kwanza, vitunguu vya maua, yaani vile vinavyofanana na kitunguu ambavyo ua linachipua kutoka humo. Dafodili zinapandwa mwezi wa 9, tulipu zinasubiri mwezi wa 11 baridi iwe imeshika ili zisipate ugonjwa wa kuvu, na juu yake wanalaza waya wa banda la kuku maana kindi wa huku wanafukua hatari. Hayo yote walifanya vizuri. Ila vilivyobaki waligawiwa watoto wapeleke nyumbani kwenye mfuko wa karatasi usio na maandishi yoyote! Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea, kaona vitunguu kavitia kwenye kapu la vitunguu jikoni. Dafodili ni sumu, ukila zinakutapisha vibaya. Bahati binti yangu aliviona akapiga kelele. Nilimwandikia ticha jioni ile ile, akaomba radhi na wiki iliyofuata kila mfuko ukaja na lebo, lakini ilitakiwa iwe hivyo tangu mwanzo.

La pili ni giza. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa 10 saa zinarudishwa nyuma saa 1, na ikifika katikati ya mwezi wa 11 jua linazama saa kumi na dakika chache jioni, sasa klabu inayoanza saa tisa na nusu inabaki na nini? Wiki za mwisho watoto waliishia ndani wanapaka rangi picha za mboga, na mimi sikulipia picha za mboga. Wangehamishia mapumziko ya mchana kuanzia hapo, klabu za shule nyingine zinafanya hivyo na inawezekana. Nyota niliyokata ni ya haya mawili.

Kulikuwa na la tatu likageuka zuri. Kabla ya Halloween watoto wanachonga maboga, nyama yote ya ndani inakwenda kwenye mboji. Mimi kuona boga linatupwa siwezi. Nikamuuliza ticha kama naweza kuichukua nipike, akaniomba tu niandike viungo vyote kwa ajili ya watoto wenye aleji, nikapika maboga ya nazi na iliki nikapeleka kipindi kilichofuata. Haya maboga ya kuchonga yana maji mengi kuliko yetu na utamu ni kidogo, kwa hiyo yachemshe kwanza maji yakauke ndo utie tui zito, sukari kiasi na chumvi ya kubana. Sufuria lilirudi tupu na yule bibi kaniomba maelekezo. Mbegu watoto walizikausha, nyingine wakakaanga.

Kama shule ya mwanao haina klabu kama hii mpelekee mwalimu mkuu wazo, sio lazima wawe na shamba, kitunguu saumu kinakubali hata kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Royal Horticultural Society, shirika la hisani la mambo ya bustani, wana mpango wa bustani za shule tangu 2007 wenye masomo ya bure ya kila msimu, na Woodland Trust, shirika la hisani la kutunza misitu, wanazipa shule miche ya miti bure, inaletwa mwezi wa 11 na mwezi wa 3.

Mkijiandikisha, msisubiri shule iwaambie cha kuvaa maana sisi ujumbe ulikuja watoto wameshapiga matope viatu vya shule. Gambuti tafuteni maduka ya mitumba ya hisani, ziko nyingi na bei rahisi, chukua saizi moja juu ili soksi nene ziingie, andika jina ndani. Glavu nunua za watoto, za wakubwa vidole vinavuka na hawezi kushika punje.