TP-Link ER605: laini mbili ndani ya nyumba moja, Ilazo Dodoma

Jamani hii ruta naipenda kweli. Nipo Ilazo, nina faiba na kile kiruta cha laini ya simu, maana faiba ilikuwa inakata jioni jioni watoto wakiwa kwenye masomo, sasa ER605 inazibeba zote mbili, moja ikizima nyingine inashika yenyewe.

Ila mjue haina waifai ndani, usitafute antena. Mi nilichukua ruta yangu ya zamani nikaibadilisha adresi (namba yake kwenye mtandao wa ndani) ikawa 192.168.0.2 isigongane na ER605 ambayo inatoka kiwandani na 192.168.0.1, nikazima DHCP yake (ile inayogawia vifaa adresi, ili ER605 igawe peke yake), halafu waya wa kutoka ER605 nikachomeka kwenye tundu lake la LAN (la vifaa vya ndani), siyo WAN (la intaneti), basi waifai ikafika mpaka jikoni. Hapo kwenye DHCP msipasahau aisee, ndo panasumbua wengi.

Na faili moja halitashuka kwa spidi ya laini zote mbili, haijumlishi, inagawana kazi tu. Tovuti ya benki ilikuwa inanitoa kila saa kwa sababu adresi yangu ya intaneti inabadilika nikihama laini moja kwenda nyingine, nikaiwekea kompyuta yangu ipite faiba peke yake, haijanitoa tena.